Kuifufua Honda CG125 ya bwana shamba: shajara ya barazani

Februari, Jumapili mchana

Haya, mzigo umefika. Umeletwa na guta, watoto wa mtaa wote wako nyuma yake, na fundi wa bodaboda wa pale kona alipouona alicheka mpaka akakaa chini, "kaka, chuma chakavu siku hizi kilo shilingi ngapi?" Sikumjibu, maana huyu nitamhitaji mbele ya safari.

Ni Honda CG125, ile ya zamani ya pointi (kiswichi kinachokata umeme ili plagi itoe cheche) na umeme wa volti 6, tangi lilikuwa jekundu. Mwenyewe ni bwana shamba mstaafu wa huko Mvomero, kaiendesha miaka nenda rudi akizunguka vijijini, macho yalipoanza kumsumbua akaiegesha kwenye banda la mbuzi na ndo ikabaki hapo, kwahiyo mbali na kutu na vumbi kuna na vingine vya mbuzi tusivitaje. Injini imekamata kabisa, unapanda juu ya kiki na miguu miwili haishuki hata kidogo. Kabureta ipo, magneti (ile inayozalisha umeme) ipo, taa ya mbele haina kioo, kiti kimeliwa, kava la betri la upande mmoja halipo. Betri yenyewe hata sisemi.

Mi sio fundi, nauza duka la dawa hapa Kihonda, Morogoro, pikipiki najifunza jioni na wikiendi. Nina spana, boksi la soketi, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), venia ya kupimia, na mabomba ya sindano ya kila saizi ambayo kwa kazi hii yatanisaidia kuliko mnavyodhani.

Kabla hela haijatoka mfukoni nilikaa na kadi ya mzee mkononi, nikasugua namba ya chesisi pale kwenye shingo ya fremu na kitambaa cha mafuta ya taa mpaka ikasomeka, nikalinganisha tarakimu moja moja, halafu na ya injini hivohivo. Zimekubaliana. Kama zingepishana hata herufi moja ningemwachia mzee na mbuzi wake, maana unaweza ukatengeneza chombo kikawaka vizuri kabisa alafu barabarani ukashindwa kujieleza ni cha nani.

Kuna mtu ataniuliza kwanini nisinunue Boxer mpya kwa mkopo kama watu. Sababu ni hii injini. Honda walianza kuitoa 1976 na waliichora wakijua inaenda kwa watu wa aina yetu, abiria juu ya mzigo na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Ile kemu ya juu (mhimili unaofungua valvu) inayozungushwa na cheni wakaachana nayo, wakaishusha chini, inazungushwa na gia, alafu vijiti viwili, pushrodi, vinapandisha nguvu mpaka juu kwenye roka, vile vimikono vinavyosukuma valvu. Cheni ya tairi la nyuma nayo wakaifungia ndani ya boksi la bati isile mchanga. Baadae zikawa zinatengenezwa Brazili na Pakistani, na Wachina wakaiiga, ndo maana pikipiki za Toyo na SanLG nyingi ukizifungua unakutana na mchoro uleule. Kwahiyo spea zipo kila mtaa. Zinakaa au hazikai, hapo ndo mchezo wenyewe, na nadhani shajara hii nzima itakuwa ni hiyo habari tu.

Februari, Jumamosi ya mvua

Nimetoa plagi, nikavuta dizeli na oili ya gia boksi kwa bomba la sindano, nusu kwa nusu, nikaingiza tunduni nikaiacha ilale. Kila jioni nikitoka dukani naongeza kidogo. Hakuna kulazimisha, ukipiga kiki kwa nguvu ringi (pete za pistoni) zikiwa zimeshikwa na kutu unaweza ukavunja kitu ambacho kilikuwa bado kizima.

Kwenye kutoa plagi ndo nikaona kazi ya fundi fulani wa zamani, Mungu amsamehe. Plagi ya hii mashine ni nyembamba, ya milimita 12 (D8EA), yeye kaiingiza kwa kupinda mpaka nyuzi za hedi (kichwa cha injini) zimekwisha, alafu akaijazia gundi ya chuma. Nati ya kumwagia oili imepigwa na tindo mpaka imekuwa duara.

Skrubu za makava ya pembeni nazo zote vichwa vimeliwa. Hapa kuna kitu wengi hawakijui, zile skrubu za Mjapani zina msalaba lakini sio msalaba wa bisibisi yako ya kawaida, pembe zake ni tofauti kidogo, bisibisi ya kawaida haifiki chini vizuri, inapanda juu inakula kichwa. Dawa ni bisibisi ya kugonga, ile unaipiga nyundo huku yenyewe inazunguka. Nimeazima kwa fundi wa kona (nilisema nitamhitaji). Zimetoka zote isipokuwa mbili, hizo nimezitoboa. Nitarudishia boli za kichwa cha alen, kwa mzee wa asili kabisa atasema nimeharibu, asamehe, mi nataka siku nyingine zifunguke.

Kila kinachotoka kinapigwa picha na simu kwanza, kisha kinaingia kwenye kopo la dawa lenye lebo. Waya za umeme nimezifunga plasta na kuandika kwa peni zinakotoka.

Machi, wikiendi

Imeachia! Sio kwa kiki. Nilishusha injini yote mezani, nikatoa hedi, nikavuta zile pushrodi mbili nikaziwekea alama ipi ya inteki (kuingiza hewa na petroli) na ipi ya ekzosi (kutoa moshi) na upande gani ulikuwa juu, maana zimeshazoeana na vikombe vyake. Pistoni ikawa inaonekana, imekaa katikati ya safari, ina pete ya kutu nyekundu juu yake. Nikasugua kutu kwa msasa laini, nikaweka kipande cha mninga kilichochongwa duara, nikawa nagonga taratibu na nyundo ya mpira, pigo, nasubiri, pigo, na ghafla ikashuka kama nusu milimita na dizeli ikabubujika pembeni. Mama watoto alikuwa anaanua nguo, kaniuliza ninachopigia makelele nini.

Silinda imetoka. Ndani kuna mkwaruzo mrefu unaoshika kucha, na pale ringi zilipolala miaka yote kuna vishimo. Hiyo haiponi kwa kubadilisha ringi tu, lazima ichimbwe, yaani ipanuliwe kwa mashine.

Habari njema iko chini. Nimeshika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) nikaivuta juu na chini na vidole, haina mchezo hata kidogo, kwenda kulia na kushoto inacheza na hiyo ni kawaida yake, lazima iwe na nafasi ya kupita oili. Krenki, mhimili mkuu wa injini, inazunguka kimya. Kama konrodi ingekuwa inagonga, bajeti yangu yote ingeishia hapo.

Nikafungua kava la klachi. Hii injini haina filta ya karatasi, ina wavu mdogo na ina kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, uchafu mzito unarushwa pembeni unagandia humo, oili safi inapita katikati. Watu wengi wanamwaga oili maisha yao yote hawajawahi kukifungua. Cha huyu kilikuwa na tope jeusi limekauka kama ugali wa jana, nimelichokonoa na kijiti cha ice cream. Nikachungulia na kemu, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba ina mgongo mmoja tu, valvu zote mbili zinatumia mgongo huohuo, kila moja na mkono wake. Nimekaa naizungusha na kuiangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Machi, katikati ya wiki

Spea sasa. Nimezunguka maduka ya hapa Msamvu na mengine nimeagiza Kariakoo, yanakuja kwa basi. Nimejiwekea utaratibu: chochote cha Mchina kinapimwa na venia juu ya kaunta kabla hela haijahama. Muuzaji akinuna anune.

Matokeo mpaka sasa: waya wa klachi na wa akseli zinaingia bila maneno, leva zinaingia, gasketi ya hedi imekaa sawa ila gasketi ya kava la klachi tundu moja limepishana, nikaiacha dukani, nitakata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi. Sahani za klachi kuna seti za unene tofauti na idadi tofauti zote zimeandikwa CG125 kwenye boksi, kwahiyo beba za zamani mfukoni, hesabu, pima, ndo ununue. Pini ya pistoni ni milimita 15, hiyo nimepima zaidi ya mara moja maana ikiwa ngumu au legevu kwenye konrodi umekwisha.

Kitu nilichokataa kabisa ni beringi za bei chee. Niliizungusha moja kwa kidole pale dukani, ina mchanga ndani na bado iko kwenye karatasi yake. Za magurudumu nimenunua za bei ya juu, zenye jina linaloeleweka, niko tayari kubana kwenye rangi.

Machi, Ijumaa

Fundi wa kukereza hakuanza na bei, kaanza na swali, pistoni iko wapi? Kuna watu wanampelekea silinda peke yake wanamwambia chimba hamsini (yaani ongeza milimita 0.50), alafu ndo wanaenda kutafuta pistoni. Yeye hagusi. Anaipima kwanza pistoni utakayotumia, kisha anachimba silinda kuifuata hiyo, maana boksi linaweza likasema 0.50 na pistoni ikawa na lake. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za mia moja za milimita, ikibana inakamata ikipata moto, ikizidi inapiga kelele na kula oili.

Ovasaizi, pistoni zilizozidi ile ya kiwandani, zipo za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ya 0.25 alisema vishimo havitaisha, tukaenda 0.50. Kiwandani silinda ilikuwa na kipenyo cha 56.5 na safari ya pistoni ni 49.5, hiyo inakupa ujazo wa kama cc 124. Sasa kipenyo ni 57 kamili, nimepiga hesabu kwenye simu inakuja kama 126. Nguvu za ziada hutazihisi hata ukiwa unateremka mlima, lakini nimefurahi tu.

Akamalizia na mawe ya kusugulia, yanaacha mistari membamba inayokatana kwenye ukuta wote, mistari hiyo ndo inashika oili wakati ringi mpya zinajizoeza, kwahiyo usije ukapewa silinda inayong'aa kama kioo ukafurahi. Hedi nayo kaitoboa pale kwenye plagi, kaweka boshi, kakata nyuzi upya. Nimeirudisha nyumbani kwa daladala, silinda kwenye kanga, konda akataka niilipie nauli.

Aprili, mvua tu

Valvu. Nimezisaga kwa mkono na ile dawa ya kusagia, kijiti cha mpira kinavuta valvu unakiviringisha kwa viganja, kushoto kulia, unainua, unageuza kidogo, unaendelea, mpaka upate pete ya kijivu isiyokatika mzunguko mzima. Ya inteki ilikubali haraka. Ya ekzosi ilikuwa na alama za moto, imenikalisha mpaka ukumbi wote ukawa unanuka mafuta na mama watoto akahamisha meza ya chakula.

Kipimo: unafunga valvu na springi zake, unageuza hedi, kwenye tundu la inteki unaingiza petroli kwa bomba la sindano, unasubiri ukichungulia upande wa pili. Ikitokea hata unyevu, rudi ukasage. Ya ekzosi iliniletea unyevu, nikarudi. Sasa zote kavu.

Wakati mvua inanyesha nimeshughulika na tangi. Nimeziba tundu la chini, nikajaza siki na nati kuukuu kiasi cha konzi mbili, nikawa nalitikisa kila nikipita, watoto wakafanya ndo ngoma yao. Siki inakula kutu lakini ukiiacha humo inaendelea kula hata bati, kwahiyo ikishamwagwa suuza kwa maji yenye magadi kuua ile asidi, kausha papo hapo (nimetumia drayer ya nywele ya mama watoto, kwa ruhusa), alafu zungushia oili nyepesi ndani. Nati zihesabu wakati wa kuingiza na wakati wa kutoa.

Aprili, Jumamosi na Jumapili

Kufunga. Hapa nimezima simu.

Kila ringi nimeiingiza kwanza peke yake kwenye silinda, nikaisukuma na kichwa cha pistoni ili ikae usawa, nikapima mwanya wa ncha zake na fila geji, zimekuja robo ya milimita hivi, safi. Kisha kwenye pistoni, maandishi yanatazama juu, na ile mianya ya ringi nimeitawanya isikae mstari mmoja. Pistoni yenyewe ina alama ya IN, inatazama upande wa kabureta. Klipu za pini ni mpya, na kabla ya kuzigusa nimeziba mdomo wa injini na tambara, maana klipu ikiruka ikaingia mle chini unafungua injini nzima kuitafuta.

Silinda imeshuka kwa vidole tu, dole gumba na dole gumba zinabana ringi huku mdogo wangu anashusha taratibu. Nati za hedi kwa mshazari, unakaza kidogo zote, unarudi unakaza tena, usimalize moja peke yake ukahamia nyingine, hedi itapinda.

Tapeti (skrubu za kurekebisha mwanya wa valvu): alama ya T ya magneti kwenye mstari, roka zote mbili ziwe legevu, kama moja imebana uko kwenye mzunguko mwingine, zungusha tena. Mwanya ni milimita 0.08 inteki na ekzosi, injini ikiwa ya baridi. Fila inatakiwa ipite ikivutwa-vutwa kidogo, na ukikaza nati ya kufungia skrubu inajigeuza yenyewe, kwahiyo pima tena baada ya kukaza. Fundi wa kona anazipima kwa kutikisa na kidole, na za kwake zinatembea vizuri tu, lakini yeye kazifanya elfu ngapi.

Aprili mwishoni, umeme

Kila anayepita ananishauri nitoe mfumo wote niweke magneti ya Mchina ya CDI (cheche za elektroniki, haina pointi) na volti 12. Inawezekana, wengi wamefanya, na balbu za volti 6 kuzipata ni kazi kweli. Ila kwenye hii moto wa plagi unatoka kwenye magneti moja kwa moja, betri ife isife chombo kinawaka, na pointi naweza kuziona zinavyofanya kazi kwa macho yangu. Nabaki nazo. Kondensa ya zamani ilikuwa imekufa, cheche kwenye pointi zilikuwa za njano na nene, nimefunga ya gari nje ya kava na waya wake.

Mwanya wa pointi ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kuweka taimingi (wakati wa cheche kutoka) nimetumia karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, unaibana katikati ya pointi mbili, unazungusha magneti polepole huku unaivuta kidogo sana, inatakiwa iachie pale alama ya F inapofika kwenye mstari. Ikiachia kabla, moto unawahi, punguza mwanya, ikiachia baada, ongeza. Karatasi iliachia mbele kidogo ya F, nikasogeza pointi kwa ncha ya bisibisi upana wa unywele, ikaachia juu ya alama. Mwanya wa plagi nimeweka 0.7.

Mei, Jumamosi

Oili lita moja hivi, 20W-50 ya pikipiki. Sio ile ya gari iliyoandikwa inaokoa mafuta, klachi ya hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, ukiweka ya utelezi inateleza nayo. Nikapiga kiki plagi ikiwa nje mpaka oili ikaonekana imepanda kwenye roka. Plagi ikarudi, petroli ikafunguliwa, kabureta ikaanza kumwaga chini. Sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, ilikuwa na mfereji kwenye ncha, nikatuma mtoto dukani na ya zamani mkononi.

Baada ya hapo choki, kiki, ikakohoa. Kiki tena, ikawaka. Moshi mweupe ukajaa baraza, ni oili niliyopaka wakati wa kufunga, ukaisha yenyewe. Sailensa ina tobo kwahiyo mtaa mzima umejua. Fundi wa kona alikuja mbio na spana mkononi, akainama, akasikiliza upande wa hedi, akashika bisibisi akaweka mpini sikioni na ncha kwenye kava la roka. "Tapeti umezibana wewe." Nikamwambia 0.08. "Mmh. Basi ziache."

Juni

Niko kwenye kuizoesha. Naenda nayo mpaka njia panda ya Mzumbe na kurudi, akseli haizidi nusu, lakini pia siibembelezi kwenye gia kubwa mwendo mdogo, ringi zinahitaji kusukumwa na kuachiwa, kusukumwa na kuachiwa. Oili ya kwanza nimeimwaga mapema, imetoka na vumbi la kung'aa, la kawaida kwa silinda iliyochimbwa. Ya pili imetoka safi zaidi. Tapeti ya ekzosi ilikuwa imepungua mwanya baada ya valvu kukaa, nimeirudisha. Nati za hedi nimezipitia injini ikiwa imepoa usiku kucha.

Mzee nimempelekea aione. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaizunguka, akapapasa tangi, akauliza moja tu, "na kerea yangu iko wapi?" Ile kerea ya nyuma aliyokuwa anafungia mabomba ya dawa ya mimea. Nimemwambia iko kwa mchomeleaji.

Kilichobaki ni shokapu za mbele, zinavuja oili mpaka kwenye ngoma ya breki. Sili (pete za mpira za kuzuia oili) nimeshapima kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, nimetuma vipimo kwa muuzaji wa Kariakoo na yeye kanijibu "za CG125 zipo bosi, leta hela." Nimemwomba aweke venia juu yake apige picha kwanza.